Divai Inapokwisha Karamuni



Majilio yakaribia kwisha, na Noeli i mlangoni. Siku hizi watu hutakiana furaha, na salamu za simu huruka toka nyumba hata nyumba. Lakini mwenye kusikiliza vema atasikia neno jingine chini ya salamu hizo. Mama pale Kikwajuni ahesabu fedha zake mara ya tatu, nazo hazizidi. Baba pale Mwanakwerekwe azunguka njia ya mbali ili asipite mbele ya duka analodaiwa. Kijana aliyeajiriwa hotelini huko Nungwi aona simu ikilia, asoma jina la mama yake aliyeko bara, naye haipokei. Mwisho wa mwaka, ambao ungefaa kuwa wakati wa amani, umekuwa kwa wengi wakati wa fadhaa, wa usiku usio na usingizi, na wa maneno makali baina ya mume na mke.

Twataka leo kusema juu ya fadhaa hiyo. Wala mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa huu. Nyumba nyingi zimetikisika kwa sababu ya gauni la mtoto na kilo za mchele, na mtu aweza kuipoteza Noeli nzima huku akihangaika kuitengeneza.

Tutazame kwanza hali yetu ilivyo. Wakristo wa Unguja ni wachache, na wengi wao wamevuka bahari kutoka bara kutafuta kazi. Mahali pengine Noeli huja pamoja na kupumzika. Hapa kwetu huja pamoja na kazi maradufu, kwa maana Desemba ni mwezi wa wageni. Katika mwaka 2023 pekee watalii waliofika Zanzibar walizidi laki sita, na hao wanaokuja Desemba huja ili washerehekee. Basi tarehe 25 Desemba ni siku ya mapumziko katika kalenda ya nchi, lakini kwa mpishi wa Kendwa, kwa mtandika vitanda wa Kiwengwa, na kwa mhudumu wa meza wa Paje au Jambiani, ndiyo siku ngumu kuliko zote. Kijana huyu asimama tangu alfajiri hata usiku wa manane akiwahudumia watu wanaoifurahia sikukuu iliyo yake yeye. Naye hana nafasi hata ya kufika kanisani.

Na huko kwao wadhani nini? Wadhani kwamba aishiye karibu na wageni wenye dola hawezi kukosa. Ndipo maombi humiminika: bati la nyumba ya babu, dawa ya shangazi, viatu vya wadogo, mbuzi wa sikukuu. Hakuna ombi hata moja lililo baya. Lakini yote pamoja yanazidi mshahara wake mara nne, naye aona haya kusema.

Wale wanaopata ruhusa ya kusafiri wana taabu nyingine. Hushika boti pale Malindi, wakavuka hadi Dar es Salaam, kisha huenda stendi ya Magufuli pale Mbezi kutafuta basi la Songea, la Mwanza, la Bukoba, au la Moshi. Nchi nzima yaijua desturi ya wana wa Kilimanjaro ya kurudi kwao kila Desemba, ili wakae pamoja na wazee na kuombea makaburi ya wahenga. Desturi hiyo ni njema sana, nasi twaisifu. Lakini siku hizi kurudi nyumbani kumekuwa kama kusimama mbele ya baraza la mtihani. Umekuja na nini? Umejenga? Mbona mwenzako ana gari? Wako vijana ambao hawajawaona wazazi wao kwa miaka mitatu, na sababu si nauli. Sababu ni kwamba waogopa kuonekana mikono mitupu.

Hapo ndipo mkopeshaji anapopata mlango. Watu wenyewe wameiita mikopo yake “kausha damu”, na hawakukosea jina. Wengine hukopesha mkononi, wengine kwa simu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa mtandao bila leseni. Mtu hukopa usiku, akiwa peke yake, bila kumwambia mkewe. Na siku anapochelewa kulipa, habari yake hupelekwa kwa jamaa na rafiki zake wote. Aliyekopa ili afiche upungufu wake, upungufu wake hutangazwa mbele ya watu wote. Halafu Januari yafika, na watoto wataka sare na madaftari.

Wala hatuko peke yetu katika mambo haya. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa visiwa hivi, waijua taabu hii kama tuijuavyo sisi. Idi ya Unguja ni siku nne. Kila mtoto atazamia nguo mpya, na kila mtoto atazamia mkono wa Idi kutoka kwa wajomba na shangazi. Baba asiye na kitu aujua uzito wa usiku wa kuamkia sikukuu, awe amesali msikitini Malindi au kanisani Minara Miwili. Jambo hili ni la mwanadamu.

Sasa, dawa ni nini? Wako wahubiri wenye jibu jepesi. Husema: “Acheni pilau, acheni nguo mpya, hayo ni ya dunia, salini tu, na fadhaa itakwisha.” Sisi hatuwezi kusema hivyo. Baba atakaye kumvika mtoto wake si mpenda anasa. Mama atakaye jikoni mwake panukie iliki na karafuu siku ya kuzaliwa Mkombozi hajatenda dhambi. Mwili nao una sehemu yake katika sikukuu, kwa kuwa Noeli yenyewe ni habari ya Neno wa Mungu kutwaa mwili.

Tuende badala yake Kana ya Galilaya, tukatazame alivyotenda Bwana wetu mwenyewe, kama anavyotusimulia Mtakatifu Yohane. Palikuwa na arusi. Arusi za Wayahudi ziliendelea kwa siku kadhaa, na wageni walikuwa wengi. Kabla karamu haijaisha, divai ikaisha. Fikirini, wapenzi, maana ya jambo hilo katika kijiji kidogo. Si kiu iliyowatisha wale wenye arusi, maana maji yalikuwapo. Ilikuwa aibu. Maisha yao yote wangeitwa watu ambao karamu yao ilipungukiwa. Tazameni basi ya kuwa ishara ya kwanza ya Mwana wa Mungu haikuwa kumponya kipofu wala kumfufua maiti. Ilikuwa kuiokoa nyumba moja na fadhaa ya sikukuu. Hakuwadhihaki. Hakuwaambia kwamba divai ni ya dunia. Aliihesabu taabu yao kuwa taabu ya kweli.

Lakini angalieni jinsi msaada ulivyofika. Kwanza, upungufu ulitajwa. Mama yetu Bikira Maria aliuona, naye akamwambia Mwanawe wazi kwamba divai imewaishia. Hakuongeza maneno, hakumlaumu bwana arusi, wala hakutafuta jinsi ya kuficha. Pili, Bwana alitumia kilichokuwapo. Palikuwa na mitungi sita ya mawe, ambayo kwa vipimo vya leo kila mmoja uliingia yapata lita 80 hadi 120, na maji ya kuijaza yalikuwapo. Hakumtuma mtu kwenda kukopa divai kijiji cha pili. Tatu, wale watumishi waliochota maji walijua mambo yalivyokuwa, nao walinyamaza. Mkuu wa meza hakujua, na wageni hawakujua. Heshima ya nyumba ile ililindwa.

Hilo ndilo neno letu la leo, nasi twaomba lishikwe: fadhaa ya sikukuu hukaa mahali penye upungufu usiotajwa. Umaskini ni mzigo. Lakini umaskini unaofichwa ni mizigo miwili, na ule wa pili ndio unaotunyima usingizi. Madaktari nao wanatuonyesha jinsi mwili unavyolipa. Tangu mwaka 1936, Daktari Hans Selye wa mji wa Montreal huko Kanada alipotoa maandishi yake ya kwanza juu ya jambo hili, imejulikana kwamba mwili hujikaza kwa namna moja mbele ya madhara yaliyo mbalimbali. Na mwili uliokazwa muda mrefu mno huchoka na kuugua. Mwenye kuficha deni lake mwezi mzima hubeba kitu kifuani, hata kama uso wake wacheka.

Basi yatupasa kufanya nini katika siku hizi zilizobaki?

La kwanza, mume na mke waketi pamoja kabla ya sikukuu, si baada yake, na kila mmoja aseme kweli: tuna kiasi hiki, twadaiwa kiasi hiki. Jioni moja yatosha. Wafanye hivyo watoto wakiisha kulala, baada ya sala ya usiku, wala sauti zisipandishwe. Kisha watenge kwanza fedha za Januari, za sare na madaftari, waziweke kando. Kinachobaki, ndicho Noeli. Wengi hufanya kinyume, wakala Januari ndani ya Desemba. Halafu watoto waliokwisha kupata akili waambiwe nao kwa upole. Mtoto wa miaka kumi aweza kuelewa kwamba mwaka huu gauni litafuliwa na kupigwa pasi. Asichoweza kuelewa ni kwa nini baba amekasirika siku ya sikukuu.

La pili, kijana uliye hotelini, ipokee simu ya mama yako. Mwambie: “Mama, mwaka huu nina kiasi hiki, nami nimekitenga kwa ajili yenu, zaidi ya hiki sina.” Utaona ya kuwa mama wengi, wakiisha kusikia kiasi, huuliza neno la pili: “Nawe umekula?” Kumbe siku zote walitaka sauti yako kuliko mbuzi. Na kama zamu yakuzuia kwenda Misa siku yenyewe, sema na wenzako mapema. Mwenzako Mwislamu akikushikia zamu asubuhi ya Noeli, nawe mshikie zamu yake siku ya Idi. Zikishindikana njia zote, usiiache siku ipite kavu. Wachungaji wa Bethlehemu nao walikuwa kwenye zamu ya usiku, na habari ya kwanza ilipelekwa huko huko kazini kwao.

La tatu, nanyi jamaa mlioko bara, ambao gazeti huwafikia kupitia watoto wenu, twawasihi. Mtoto akirudi mikono mitupu, mpokeeni kwanza, maswali yaje baadaye, au yasije kabisa. Msimfanye aone nyumba ya baba yake kuwa ofisi ya ushuru. Kijana anayeogopa kuja kwenu, mmekwisha kumpoteza kabla hajafa.

La nne, mwenye kusafiri asafiri mapema, wala asikubali kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi eti kwa sababu ya haraka. Hatujaisahau meli ya Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, hazijapita wiki mbili tangu Idi, nayo ilikuwa imepakia watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Visiwa vyote vililia. Ni afadhali mzee akungoje siku mbili kuliko akulilie miaka yote.

La tano, yako mazito yasiyotibika kwa mazungumzo ya jioni moja. Yuko aliyefiwa mwaka huu, na kiti kitupu mezani chamchoma moyo. Yuko ambaye usingizi umemhama wiki nyingi, na mawazo yake yamekuwa ya giza hata aona heri asingalikuwapo. Mtu huyo asiambiwe kwamba ana imani haba. Aende kwa padre, ndiyo, lakini aende na kwa mganga wa hospitali pia. Hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili ya magonjwa ya moyo uliolemewa na akili iliyochoka, na kuingia katika mlango wake si aibu kuliko kuingia katika mlango wa mganga wa meno. Jirani mwema amsindikize.

Na sasa tuna neno kwa wale waliobarikiwa mwaka huu. Ninyi ni watumishi wa Kana. Mnaijua nyumba ya jirani iliyo na mitungi mitupu. Basi jazeni, kisha nyamazeni. Siku hizi imeingia desturi ya mtu kutoa kilo tano za unga na kupigwa picha pamoja na maskini aliyeinama, kisha picha ikapelekwa kwa watu elfu. Huko si kuihifadhi heshima ya nyumba. Mfuko wa mchele uliowekwa mlangoni jioni bila jina wanukia mbele ya Mungu kuliko picha mia. Na mwenye duka anayeweza kumwambia mdeni wake, “Tutahesabu Februari,” amehubiri vizuri kuliko sisi tunaoandika.

Tukumbuke pia desturi ya mji wetu ya kupelekeana sahani. Wakati wa Idi hutuletea jirani zetu biriani na mikate ya kumimina. Wakati wa Noeli zamu ni yetu. Kuku wa Noeli akichinjwa na jirani Mwislamu, mtaa mzima waweza kula. Sahani iliyokuja na kitu hairudi tupu, lakini hakuna sheria isemayo ni lazima irudi na pilau ya nyama. Tende chache zatosha. Vitumbua vitatu vyatosha. Jirani hupima mkono uliotoa. Uzito wa sahani hauhesabu.

Labda mtu atauliza: Je, Noeli ya namna hiyo ni Noeli kamili? Na ayatazame mawe ya mji huu yamjibu. Mapadre na masista wa kwanza wa Misioni yetu walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 1860. Hawakuwa na kanisa. Minara miwili tunayoiona leo ilijengwa katika miaka ya 1890, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Hata hivyo Noeli iliadhimishwa, katika nyumba tu, na wageni wachache katika nchi isiyo yao. Na ndugu zetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao pale Mkunazini siku ya Noeli ya mwaka 1873, katika uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka uo huo. Katika habari za Unguja siku hiyo hatuikumbuki kwa vyakula vilivyoliwa.

Kanisa kuu letu limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Mara nyingi twamsifu Yosefu kama mlinzi na fundi, tukasahau usiku ule alipokuwa mume asiyeweza. Alikuwa mbali na kwao, safarini kwa amri ya serikali, mkewe karibu na kujifungua, naye agonga mlango mmoja baada ya mwingine na kurudi bila kitu. Ni baba gani kati yenu ambaye haujui uso aliokuwa nao wakati akirudi kumwambia Maria ya kuwa hakuna nafasi? Lakini alimwambia. Hakutoroka kwa haya, hakumlaumu mkewe, hakutafuta mkopo kwa mtu wa kumkausha damu. Alichukua kilichokuwapo, yaani hori la kulishia wanyama, akakitengeneza kwa mikono yake. Na Mungu akakiona kuwa chatosha kumlaza Mwanawe.

Basi, wapenzi, jioni moja ya juma hili zimeni simu, fungeni mlango, mtaje kile kilichopungua. Hamtakuwa wa kwanza kukitaja, wala Anayesikia hatakuwa akisikia kwa mara ya kwanza. Kisha jazeni mitungi kwa maji mliyo nayo, hata juu.

Mungu Mwenyezi awajalie nyote, walio nyumbani, walio safarini, na walio zamu usiku ule, Noeli yenye amani.